Mwalimu Mgeni Katika Nchi ya Abagusii

Tusomapo historia ya elimu, aghalabu twahesabu majengo, miaka na vyeti. Mtu aliyesimama mbele ya ubao twamsahau upesi. Na kama alitoka ng'ambo, twamkumbuka kwa rangi yake tu. Katika insha hii, msomaji wangu, nataka tumtazame kwa makini mgeni aliyekuja kufundisha Kiingereza katika vilima vya Kisii na Nyamira. Alifundisha nini, na yeye mwenyewe alifundishwa nini?

Hakufika mahali palipomngoja kwa furaha. Utawala wa Waingereza uliingia nchi ya Abagusii kwa nguvu ya silaha. Mwezi wa Januari 1908, kijana Otenyo, aliyetiwa moyo na Moraa, mwanamke mtabiri, alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa serikali katika wilaya. Northcote alipona, lakini askari walikuja, wakachoma nyumba, wakateka ng'ombe na kuua watu wengi. Mji uliojengwa pale Getembe wenyeji waliuita Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu. Hebu fikiri: mzazi aliyenyang'anywa mifugo na Mzungu mwenye bunduki, angempelekaje mwanawe kwa Mzungu mwenye kitabu?

Walakini wenye vitabu walifuata upesi. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walianza misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafika Nyanchwa mwaka uliofuata. Hawa wa pili walitoka Gendia, katika nchi ya Wajaluo, ambako Carscallen, mtu wa Kanada, alikuwa amekaa tangu 1906. Mmoja wa wenzake alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi iitwayo leo Malawi. Basi kumbuka neno hili: mwalimu mgeni hakuwa kila mara Mwingereza, wala hakuwa kila mara Mzungu. Na kwa kuwa kazi ya Gendia ilikuwa imeanza kwa Kijaluo, watoto wengi wa Abagusii walianza kusoma kwa lugha ya jirani kabla ya kusoma kwa lugha ya mama zao. Agano Jipya lilitoka kwa Ekegusii mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988.

Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na Waingereza wakaondoka kwa muda. Watu walidhani utawala umekwisha. Wakapora ofisi, maduka na misheni. Waingereza waliporudi, adhabu ilikuwa kali. Kwa miaka kadhaa shule ilionekana kuwa ndugu ya boma.

Ni nini, basi, kilichoibadili mioyo? Wala si maneno matamu ya mgeni. Wenyeji wenyewe waliona kwamba asiyejua Kiingereza husemewa na mkalimani, na asemewaye hana hakika ya lililosemwa. Katika miaka ya 1930 serikali ilifungua shule mjini Kisii. Miaka hiyo hiyo Abagusii, pamoja na Wameru, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, na fedha za kahawa zikawa karo. Mwaka 1961 mabradha wa Kiholanzi walianzisha shule ya Mosocho, ambayo leo ina jina la Kardinali Otunga, aliyepata kuwa askofu wa Kisii. Baada ya uhuru wa 1963, wazazi walijenga shule za harambee kwa mikono yao. Matofali yalipatikana, walimu wa sekondari ndio hawakutosha. Hapo wakaja vijana wa kujitolea kutoka Uingereza na Marekani, wengi wao kwa muda wa miaka miwili.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu huyo lilikuwa chaki. Aliamka katika ukungu wa asubuhi, akasalimiwa "Bwakire," na ilimpasa ajue kujibu "Bwakire buya." Alasiri mvua ilipiga mabati hata sauti yake isisikike, akaandika ubaoni badala ya kusema. Alifundisha kwa vitabu vya kwao, vyenye theluji na treni za chini ya ardhi, mbele ya wanafunzi ambao wengi wao hawakupata kuona hata treni ya juu ya ardhi. Aliona pia kwamba wanafunzi walichanganya r na l. Hawakuwa wazembe: Ekegusii hutumia r mahali ambapo Kiswahili hutumia l.

Lakini fundisho kubwa lilikuwa la heshima. Abagusii wana desturi ya chinsoni, yaani soni na adabu baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Kijana aliyeinamisha macho mbele ya mwalimu alikuwa akimheshimu. Mgeni alidhani anaficha kosa. Tena, mvulana aliyekwisha kutahiriwa ni omomura. Kumwita omoisia, jina la asiyetahiriwa, ni tusi. Mgeni aliyewaita wanafunzi wake wakubwa kwa neno la Kiingereza la mtoto mwanamume aliwaumiza mara mbili, kwani ndilo neno lile lile ambalo walowezi walimwitia mtumishi mwenye mvi: boi.

Usidhani kwamba mambo haya yalitokea kwetu tu. Mwaka 1890 mwandishi Lafcadio Hearn alikwenda kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue, nchini Japani. Wajapani pia huchanganya r na l, maana lugha yao ina sauti moja tu mahali pa hizo mbili. Hearn alifundisha mchana, na saa nyingine akasikiliza hadithi na desturi za wenyeji wake. Hata leo Wajapani wanamsoma. Na tangu 1966 Japani nayo imewaleta Kenya vijana wake wa kujitolea, na miongoni mwao wamekuwamo walimu wa hisabati na sayansi. Aliyekuwa mwanafunzi amekuwa mwalimu.

Nawe, msomaji, huenda kesho ukaitwa kufundisha Turkana, Lamu au ng'ambo. Utakapofika, utasalimiwa kwa maneno usiyoyajua, na watoto watakucheka. Usikasirike. Waombe wakufundishe salamu kwanza, kisha ushike chaki. Waliokumbukwa kwa wema katika vilima vya Kisii na Nyamira hawakuwa wote wenye Kiingereza bora. Walikuwa wale waliokubali kusahihishwa na wanafunzi wao.