Mkutano Mkuu wa Chama cha Ubwabwa

Hapa Viwanja Sitini, Ifakara, mpunga ndio ada ya shule na ndio bati la nyumba. Mkulima wa Kilombero akisikia mgombea urais anaahidi ubwabwa, haoni kichekesho. Anauliza gunia litanunuliwa shilingi ngapi.

Aliyetoa ahadi hiyo ni wakili Hashim Rungwe, mwenyekiti wa Chama cha Ukombozi wa Umma, CHAUMMA, kilichosajiliwa mwaka 2013. Mwaka huohuo Mahakama ya Afrika, Arusha, ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila katika kesi ya mgombea binafsi. Sheria haikubadilika. Kwa hiyo mkutano mkuu wa chama, hata kiwe kidogo namna gani, umebaki kuwa mlango pekee wa kuufikia urais. Mgombea akishapitishwa na wajumbe, kazi inaanza: wadhamini 200 kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake Zanzibar. Kwa chama kisicho na gari la uhakika, hapo ndipo jasho hutoka.

Kwa miaka mingi wajumbe wa CHAUMMA hawakuwa na la kubishania. Jina lilikuwa moja. Rungwe, ambaye mwaka 2010 aligombea kupitia NCCR-Mageuzi, alipata kura 49,256 mwaka 2015 na 32,878 mwaka 2020. Ubwabwa ulivuma kuliko kura, nami nadhani watu walimcheka mapema mno: nyuma ya ubwabwa kuna suala la mtoto kula shuleni, nalo halina utani.

Kisha ukaja 2025. Chama cha upinzani cha CHADEMA kilisimamia msimamo wa kutoshiriki uchaguzi bila mageuzi, na kundi la wanachama wake lililoupinga, G-55, likahama. Mwezi Mei wakabisha hodi kwa mzee wa ubwabwa, akawafungulia. Mmoja wao, Salum Mwalimu, mgombea mwenza wa Tundu Lissu wa CHADEMA mwaka 2020, akawa katibu mkuu wa CHAUMMA. Agosti mkutano mkuu ukampitisha kugombea urais, pamoja na mgombea mwenza Devotha Minja, aliyewahi kuwa mbunge wa viti maalumu kutoka Morogoro, mkoa wetu. Kwa mara ya kwanza jina la Rungwe halikuwa la mgombea. Yeye alibaki na kiti cha uenyekiti, mwenye nyumba aliyewaachia wageni sebule.

Huku bonde la Kilombero, Agosti ile, mpunga ulikuwa umeshavunwa na mashine za kukoboa zikinguruma.