Jeni za kuzuia uvimbe katika saratani ya mapafu

Jeni za kuzuia uvimbe ni jeni ambazo kazi yake ya kawaida mwilini ni kudhibiti mgawanyiko wa seli, kusaidia ukarabati wa DNA iliyoharibika na kuziondoa seli zisizoweza kurekebishwa. Katika saratani ya mapafu, ambayo mwaka 2020 iliua watu wapatao milioni 1.8 duniani, mara nyingi jeni hizo huwa zimeharibika, zimepotea au zimezimwa. Zinazojulikana zaidi ni TP53, RB1, CDKN2A na STK11.

Tofauti kati yake na onkojeni huelezwa kwa mfano wa gari. Onkojeni, kama vile KRAS iliyobadilika, ni pedali ya mafuta iliyokwama chini. Jeni za kuzuia uvimbe ni breki. Katika uvimbe wa mapafu mara nyingi hitilafu zote mbili hukutwa pamoja.

== Nakala mbili ==

Kila seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni hizo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala moja ikiharibika, ya pili kwa kawaida huendelea na kazi. Mwaka 1971 daktari Mmarekani Alfred Knudson, akichunguza saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, alipendekeza kwamba uvimbe huanza pale nakala zote mbili zinapoharibika. Jeni inayohusika, RB1, ilitambuliwa mwaka 1986.

TP53 haifuati kanuni hiyo kikamilifu. Protini yake, p53, hufanya kazi ikiwa imeungana nne nne, hivyo protini mbovu zikichanganyika na nzima huweza kuharibu kazi ya kundi zima hata kabla nakala ya pili haijapotea.

== TP53 na moshi wa tumbaku ==

Protini ya p53 iligunduliwa mwaka 1979, na kwa takriban miaka kumi ilidhaniwa kuwa inachochea saratani. Kosa hilo lilitokana na kwamba maabara zilikuwa zikitumia nakala zilizokwisha kubadilika. Ilipofika mwaka 1989 ilidhihirika kwamba p53 nzima hufanya kinyume chake: DNA ikiharibika, husimamisha mgawanyiko wa seli ili ukarabati ufanyike, na ukishindikana huifanya seli ijiue yenyewe.

Uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ulikwisha kuthibitishwa kwa takwimu tangu miaka ya 1950, lakini watengenezaji wa sigara waliendelea kudai kwamba takwimu si ushahidi wa chanzo. Mwaka 1996 Mikhail Denissenko, Gerd Pfeifer na wenzao nchini Marekani waliweka kwenye seli za binadamu kemikali inayotokana na benzopireni, dutu iliyomo katika moshi wa tumbaku. Kemikali hiyo ilijishika zaidi kwenye kodoni za 157, 248 na 273 za TP53, ambazo ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mara nyingi katika uvimbe wa mapafu. Ni kama alama za vidole zilizoachwa mahali pa uhalifu. Mabadiliko ya kuweka timini mahali pa guanini, yanayosababishwa na kemikali hiyo, huonekana zaidi kwa wavutaji kuliko kwa wasiovuta.

== Katika aina mbalimbali za saratani ==

Saratani ya seli ndogo, ambayo ni takriban asilimia 15 ya saratani zote za mapafu, hukua haraka na huwapata hasa wavutaji. Karibu kila mara huwa imepoteza TP53 na RB1 kwa pamoja.

Katika saratani ya seli bapa, TP53 huwa imeharibika kwa wagonjwa wengi sana, na CDKN2A nayo hupotea mara kwa mara. Wakati mwingine CDKN2A haina kosa lolote katika maandishi yake, bali imezimwa kwa vikundi vya metili vilivyobandikwa juu yake.

Katika adenokasinoma, TP53 huharibika kwa karibu nusu ya wagonjwa. Uvimbe wenye KRAS iliyobadilika ambao pia umepoteza STK11 kwa kawaida hauitikii vizuri dawa za kuamsha kinga ya mwili.

Sehemu za mkono mfupi wa kromosomu ya 3, zenye jeni kama FHIT na RASSF1A, hupotea mapema. Upotevu huo umeonekana katika utando wa njia ya hewa wa wavutaji wasio na saratani, na hata kwa baadhi ya waliokwisha kuacha.

== Tiba ==

Ni rahisi zaidi kuzuia protini inayofanya kazi kupita kiasi kuliko kurudisha iliyopotea. Ndiyo maana kuna dawa kama gefitinibu na osimatinibu dhidi ya EGFR iliyobadilika, lakini hakuna dawa ya kawaida ya kurudisha p53 kwa wagonjwa wa mapafu. Hata hivyo kuzipima jeni hizi kuna faida. Mgonjwa mwenye EGFR iliyobadilika, ambaye uvimbe wake umepoteza pia TP53 na RB1, yumo katika hatari kubwa zaidi ya uvimbe huo kugeuka kuwa wa seli ndogo wakati wa matibabu. Ukigeuka, dawa za EGFR pekee hazitoshi tena, na kwa kawaida hutumika kemotherapia ya saratani ya seli ndogo.