Kodi ya Ardhi, Kodi ya Chumba: Makazi ya Karagwe na Kyerwa

Katika Karagwe na Kyerwa, watu walilipia ardhi vizazi vingi kabla ya kulipia nyumba. Mgeni aliyehamia kwenye vilima hivi vya magharibi mwa Kagera hakuuliza chumba ni kiasi gani. Aliuliza nani atampa mahali pa kupanda migomba, kwa kuwa aliyepata shamba alijijengea mwenyewe. Chumba cha kulipiwa kwa mwezi ni jambo la juzi tu, nalo lililetwa na watu ambao hawakuja kulima: karani, mwalimu, nesi, askari, mfanyabiashara. Mitaa ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Rubwera, ambako leo familia changa hutafuta nyumba iliyo karibu na shule na maji, imekua kutokana na watu wa namna hiyo.

Zamani makazi yalikuwa kibanja. Nyumba ilisimama katikati ya migomba, na kila familia ilikaa ndani ya shamba lake, imetenganishwa na jirani kwa migomba na njia nyembamba. Nyumba yenyewe ilikuwa msonge, wa mviringo, umeezekwa kwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani uligawanywa kwa matete, na sakafuni zilitandikwa nyasi zilizobadilishwa mara kwa mara. Nje ya migomba ilikuwepo rweya, uwanda wa nyasi uliotumika kwa malisho na kwa kukata nyasi za kuezekea. Majirani walisaidiana kujenga, na mwenye nyumba akawalipa kwa chakula na pombe ya ndizi. Wafu walizikwa humohumo kibanjani. Mahali penye makaburi ya babu hapakuweza kutazamwa kama mali ya kukodishwa, na bila kulikumbuka hilo ni vigumu kuelewa kwa nini biashara ya nyumba ilichelewa sana huku.

Mgeni asiye mkulima alipewa makao na mtawala. Ufalme wa Karagwe, uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda na kuwa na makao makuu Bweranyange, ulikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Buganda. Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu. Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika Novemba 1861, Omukama, yaani mfalme, Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili, kisha akawapa hiari ya kukaa ndani ya ikulu, nje yake, au Kafuro pamoja na wafanyabiashara. Walichagua nje, mahali palipotazama ziwa dogo lililo bondeni. Grant aliugua mguu, akabaki chini ya ulinzi wa Rumanyika hadi mwaka uliofuata, ilhali mwenzake alikwisha kutangulia Buganda. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyekuwa amekwisha kuishi Karagwe miaka mingi. Kafuro ni mfano wa kwanza unaojulikana wa mtaa wa wageni katika nchi hii: watu wa kazi moja, wamekaa pamoja, hawana migomba ya urithi, na wanategemea idhini ya mwenye nchi. Hawakulipa kodi ya nyumba. Walitoa zawadi, na zawadi hizo zilikuwa na uzito wake, maana Omukama ndiye aliyeamua nani akae na nani aondoke.

Wenyeji nao walikuwa na wajibu kwa walio juu yao. Katika himaya za Buhaya na katika Karagwe kulikuwa na utaratibu ulioitwa nyarubanja. Mtawala aliweza kumpa mtu wa ukoo wake, au mtumishi aliyempendeza, eneo lenye vibanja vingi ndani yake. Kuanzia hapo waliokuwa wakiishi humo waligeuka watwarwa, na aliyepewa akawa mtwazi wao. Mtwarwa aliendelea kuishi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe na kula ndizi alizozipanda mwenyewe, lakini alidaiwa sehemu ya mavuno, pombe na siku za kazi. Kahawa ilipoanza kuleta fedha chini ya Wajerumani na Waingereza, madai hayo yaligeuka kuwa mzigo mkubwa zaidi, kwani ardhi iliyokuwa alama ya heshima sasa ilizaa pesa taslimu. Utaratibu huu ulibana zaidi kando ya Ziwa Viktoria, palipokuwa na watu wengi na ardhi finyu, kuliko Karagwe, ambako mtu aliyeonewa aliweza kuhamia kilima kingine.

Nafasi hiyo ya kuhama ilitokana na majanga. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno, na maradhi yakawaangukia watu pia. Pori likarudi mahali palipokuwa na malisho, na mbung'o wakafuata pori. Sehemu za nchi hiyo iliyobaki bila watu ziligeuzwa baadaye mapori ya akiba, na mwaka 2019 zikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Sehemu nyingine zilijazwa na wahamiaji katika karne ya 20: Wahaya waliokimbia uhaba wa ardhi Bukoba, Wakiga kutoka kusini magharibi mwa Uganda, Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959, na vibarua kutoka Burundi na Rwanda waliolima mashamba ya kahawa. Aliyetaka ardhi alimwendea mkungu, kiongozi wa kijiji, akaonyeshwa mahali mbele ya mashahidi. Kibarua, ambaye hakupewa shamba, alilala kwenye kibanda cha mwajiri kati ya migomba. Huyo hakuwa mpangaji wala mwenyeji. Makao yake yalikuwa sehemu ya ujira, na kazi ilipokwisha, makao yalikwisha.

Nyumba ya kazi ndiyo iliyozaa nyumba ya kupanga. Serikali ya kikoloni, makanisa na migodi vilileta watu wa mshahara, na watu hao walihitaji paa tangu siku ya kwanza. Kyerwa kulichimbwa madini ya bati, na mgodi ulikuwa na kambi yake ya wafanyakazi. Nyakahanga, kwenye hospitali ya Kanisa la Kilutheri, wauguzi na waganga walikaa kwenye kota za hospitali. Walimu walikuwa na nyumba za shule. Kota hizo ziliwaonyesha wenyeji mtindo mwingine wa kuishi: nyumba za pembe nne, zimepangwa kwa mstari, zikiwa na uwanja mmoja ambamo watoto wa makabila mbalimbali walicheza pamoja na kuongea Kiswahili. Fedha ya kahawa iliusambaza mtindo huo hadi vijijini. Kuta za fito na udongo, kisha za matofali ya kuchoma, zilichukua nafasi ya msonge, na bati likachukua nafasi ya nyasi. Mabadiliko haya yalikuwa na faida moja ambayo watu wa vilima vikavu waliithamini upesi: maji ya mvua yanayotiririka kwenye bati yanaweza kukingwa na kuhifadhiwa.

Baada ya Uhuru serikali iliukabili unyonyaji wa ardhi moja kwa moja. Sheria ya mwaka 1965 iliwakomboa watwarwa wa nyarubanja kutoka kwa watwazi wao, na sheria nyingine ya mwaka 1968 ikapanua ukombozi huo kwa wapangaji wengine wa ardhi za kimila. Aliyelima ndiye aliyebaki na shamba. Hayo ni miongoni mwa mageuzi ya haki kabisa yaliyowahi kufanywa katika Kagera, ijapokuwa hutajwa mara chache kuliko vijiji vya ujamaa. Kwa upande wa nyumba, Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi wa TANU na wa serikali kumiliki nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa. Karagwe haikuwa na majengo mengi ya kutaifishwa. Hata hivyo sharti la Azimio liliwagusa hasa wale ambao mahali kama Kayanga wangeweza kujenga nyumba ya ziada: maofisa, viongozi wa chama, watu wenye mshahara wa uhakika. Kwa miaka zaidi ya ishirini kujenga vyumba vya wapangaji kulikuwa jambo la kufanywa kimyakimya, hadi uamuzi wa chama tawala uliofikiwa Zanzibar mwaka 1991 ulipolegeza masharti hayo. Operesheni Vijiji, iliyowakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, nayo haikuwahamisha watu wa migomba kwa kiasi kile kilichoonekana mikoa mingine, kwa sababu mgomba na mbuni ni mimea ya kudumu isiyobebeka.

Mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Karagwe na kukaa kwenye kambi kama Chabalisa na Kagenyi, hadi waliporejeshwa mwishoni mwa 1996. Mashirika yaliyowahudumia yalileta madereva, wauguzi na wahasibu waliotafuta nyumba kwa fedha taslimu. Wenye nyumba walijifunza kwamba nyumba yenye sakafu ya saruji, choo na uzio ina bei yake.

Chanzo cha kudumu zaidi cha wapangaji kilikuwa shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisukuma kila kata kuwa na sekondari yake. Nyumba za walimu zilikuwa chache, na walimu vijana waliotoka mikoa ya mbali wakapanga kwa wanakijiji, mara nyingi chumba kimoja kwenye nyumba ya familia. Wanafunzi nao walipanga. Katika vilima ambako shule inaweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, wazazi walimtafutia mtoto chumba karibu na shule, geto, anakojipikia mwenyewe wiki nzima. Hapo ndipo udhaifu wa upangaji usio na usimamizi ulipojionyesha wazi. Msichana wa miaka 15 anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga hana ulinzi wowote zaidi ya wema wa mwenye nyumba, na kampeni za kujenga mabweni zilitokana kwa sehemu kubwa na hofu hiyo.

Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wapatao 332,000 Karagwe na 321,000 Kyerwa. Makao makuu ya wilaya mpya yaliwekwa Rubwera, na halmashauri nzima ya watumishi ikahitaji mahali pa kulala kabla nyumba za kutosha hazijajengwa. Nkwenda, kituo cha biashara, ilipanuka pia. Kwa upande wa Karagwe, Jimbo Katoliki la Kayanga lilikuwa limeanzishwa mwaka 2008, na lami ya Kyaka hadi Bugene, karibu kilomita 59, ilifupisha safari ya Bukoba. Viwanja vilivyopakana na lami na nguzo za umeme vilipanda thamani, na migomba ya kando ya barabara ikaanza kukatwa ili kupisha vyumba.

Nyumba ya kupanga ya miji hii midogo bado ina sura ya kibanja. Mwenye nyumba huwa anaishi palepale, wapangaji wamejipanga kwenye banda la vyumba uani, na nyuma kuna migomba na bustani ya maharage. Asiye na familia huchukua chumba kimoja. Mwenye mke na watoto hutafuta chumba na sebule, au nyumba nzima akiweza, na kodi hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa. Mambo yanayoulizwa kwanza na mama mwenye watoto ni ya wazi: tanki la maji lina ukubwa gani na kiangazi linafika wapi, choo kinatumiwa na nyumba ngapi, luku ni ya kila mmoja au ya kuchangia, shule iko upande gani wa barabara. Maji na umeme ndivyo vinavyogombanisha watu kuliko kodi yenyewe. Faida ya mpangilio huu ni malezi: mtoto wa mpangaji hukua chini ya macho ya uwanja mzima, na mkungu wa ndizi kutoka kwa mwenye nyumba si jambo la ajabu.

Mpakani, mgeni hujulishwa pia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Desturi hiyo ni ya kale, lakini ilipata uzito mpya mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipowasaka wahamiaji wasio na vibali katika Kagera, Kigoma na Geita, na watu waliokaa kwa vizazi wakajikuta wakitakiwa kuthibitisha asili yao.

Kwa nyumba za kupanga, sheria imekwenda kinyume na ilivyokwenda kwa ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 iliweka kikomo cha kodi na kumzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya baraza. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji analindwa na mkataba wake pamoja na masharti ya jumla ya Sheria ya Ardhi ya 1999, na mgogoro unaoshindikana hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lililowekwa kwa sheria ya 2002. Mabaraza ya kata, yaliyo karibu zaidi na wanakijiji, tangu 2021 yana kazi ya kusuluhisha tu, si kuamua. Kwa vyumba vingi vya Nkwenda na Omurushaka mkataba ni maneno ya mdomo, na maneno ya mdomo hayamsaidii mjane aliyelipa miezi sita akatolewa mwezi wa pili. Mtwarwa alipewa ulinzi wa sheria mwaka 1965. Mpangaji wa chumba anaustahili vilevile, na hadi atakapoupata, kila anayepanga adai karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kutoa kodi.