Nani Afaa Kuhukumu? Historia ya Mabaraza ya Bukedi na Busia na Vigezo vya Kuteua Majaji

Katiba ya Uganda ya 1995 na ile ya Kenya ya 2010 zote hutumia miaka 10 kama kipimo cha wakili anayetaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Kifungu cha 166 cha Katiba ya Kenya kinadai pia maadili mema, uadilifu na kutopendelea upande. Je, sifa hizi za mwisho hupimwaje? Historia ya mpaka wa Busia na Tororo inatoa mwanga.

Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Upande wa Bukedi, Semei Kakungulu alikuwa amekwisha kuweka mawakala wa Kiganda walioendesha mabaraza kwa Kiganda. Upande wa pili, jamaa za Nabongo Mumia wa Wanga walipewa uchifu juu ya majirani zao. Mkono uliotoza kodi ndio uliosikiliza mashauri. Aliyelalamikia kodi alimshtaki mtozaji mbele ya mtozaji mwenyewe, mara nyingi kwa lugha asiyoijua vema.

Wengi huhitimisha kwamba kasoro ilikuwa ugeni wa waamuzi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Kufikia 1960 machifu wa Bukedi walikuwa wenyeji, na bado mwezi Januari mwaka huo ghasia zilizuka wilayani humo, hasira ikiwalenga wao na namna walivyokadiria kodi. Uzawa haukuwaponya na tuhuma za upendeleo. Kwa maoni yangu, wanaotaka jaji "wa kwetu" hawajaitazama Bukedi ya 1960 kwa makini.

Uganda kwa sheria ya 1964, na Kenya kwa sheria ya 1967, ziliingiza mahakama za Waafrika katika mfumo mmoja wa mahakimu. Taaluma ikachukua nafasi ya ukoo. Hayo yalikuwa maendeleo, ingawa suala la lugha liliachwa kwa wakalimani, na hadi leo katiba zote mbili haziitaji miongoni mwa sifa za jaji. Mjane wa Kisamia anayedai shamba, au mchuuzi wa Malaba aliyenyang'anywa bidhaa, bado husikika kupitia kinywa cha mwingine.

Kwa hiyo, uzoefu unaostahili kutafutwa si idadi ya miaka pekee. Tangu 2011 usaili wa majaji nchini Kenya hufanyika hadharani, na hapo ndipo nafasi ilipo. Mtahiniwa aliyekuwa hakimu aulizwe ni lini aliamua dhidi ya serikali iliyomwajiri, na kwa sababu zipi alizoandika. Aliyekuwa wakili aulizwe amewatetea akina nani dhidi ya nani. Wote waelezwe shauri ambalo mkalimani anafupisha maneno ya shahidi, kisha waseme wangefanya nini kabla ya kuandika ushahidi huo katika kumbukumbu za mahakama.