Mtaa Nyimwa, Si Jangwa la Chakula

Wafasiri wengi, wakikutana na dhana ya mtaa wa watu wa kipato cha chini ambamo vyakula vibichi havipatikani karibu, huandika "jangwa la chakula", na kamati zenye dhamana ya kusanifisha istilahi huipitisha tafsiri hiyo bila kuuliza jangwa hutokana na nini. Jangwa ni kazi ya maumbile, wala hakuna anayeshtakiwa kwa kuwapo kwa Sahara. Sitiari yenyewe ilizuka magharibi mwa Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mkazi wa nyumba za umma aliyeelezea maisha ya mtaani kwake. Ilipoingia katika vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo kwa mijini huhesabu wanaoishi zaidi ya maili 1 kutoka supamaketi, kilichobaki ni kipato na umbali tu.

Detroit inaonyesha kilichopotea. Katika miaka ya 1930, ramani za shirika la serikali lililosimamia mikopo ya nyumba ziliipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi, yaani mitaa isiyostahili kukopeshwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wazungu walihamia pembezoni, supamaketi zikawafuata, na mwaka 2007 msururu mkubwa wa mwisho wa supamaketi ukafunga milango. Waliobaki walinunua chakula katika vituo vya mafuta na vijiduka vya pombe, ambamo muuzaji hukaa nyuma ya kioo kinene na rafu zimejaa soda na krispi. Ardhi, hata hivyo, haikuwa kame: D-Town, shamba la ekari 7 ndani ya Rouge Park, lililoanzishwa na mtandao wa Weusi ambao Malik Yakini ni mmoja wa waasisi wake, huotesha mboga za jamii ya sukumawiki, na palipobomolewa nyumba, ambapo udongo huweza kuwa na madini ya risasi, wakulima hujaza udongo safi katika matuta ya mbao. Jangwa gani hustawisha sukumawiki?

Istilahi inayofaa ni "mtaa nyimwa". Kitenzi nyima ni cha Kibantu halisi, nacho kina ndugu zake katika kwima ya Kinyarwanda na okumma ya Kiganda, zote zikiwa na maana ya kumzuilia mtu kitu ambacho angeweza kupewa. Kitenzi hicho huchukua yambwa mbili, anayenyimwa na kinachozuiliwa, hivyo kikiingia katika kauli ya kutendwa chakula hubaki mahali pake: mtaa umenyimwa chakula. Tena kauli ya kutendwa humdai mtenda, kwa kuwa msikilizaji hawezi kusikia "umenyimwa" asiulize "na nani?", na swali hilo ndilo linalofukiwa na jangwa. Wanaodai kwamba kitenzi hakiwezi kusimama kama kivumishi bila kirejeshi wanasahau kuwa wao wenyewe huandika "lugha lengwa" kila siku, na inasikitisha kwamba pingamizi dhaifu kiasi hicho limeachwa lizuie neno lenye haki.

Wapo wanaopendelea "ubaguzi wa chakula", wakimfuata Karen Washington, mkulima wa New York aliyefananisha hali hii na utengano wa Afrika Kusini. Neno hilo ni la kweli, ila linautaja mfumo, si mahali.

Wingi ni "mitaa nyimwa", na panapohitajika huongezwa "chakula". Juhudi za wakazi wake za kuotesha chakula huitwa kilimo cha mjini, jina lisilohitaji kubadilishwa.