Nani Alikunywa Ruaha?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Dar es Salaam, na kila jioni pale uani swali lilikuwa moja tu: leo giza ni zamu yetu au ya wenzetu? Mwenye genge aliuza soda za moto. Fundi cherehani ndiye peke yake aliyecheka, maana cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Tulipouliza sababu ya mgawo, jibu lilikuwa kwamba Mtera hakuna maji. Basi tukamlaumu Mungu kwa kutunyima mvua, tukawasha vibatari.

Wengi wetu hatukujua hata Mtera iko wapi. Ni bwawa lililoko kati ya Iringa na Dodoma, lililokamilika 1980 ili kuutunzia maji mtambo wa Kidatu, uliokwisha kuanza kazi mwaka 1975. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huanzia mbali, kwenye tambarare ya Usangu mkoani Mbeya. Huko hushuka mito kutoka safu za Poroto na Kipengere: Mbarali, Kimani, Chimala na wenzao. Ikifika bondeni hupunguza mwendo, ikamwaga maji yake kwenye kinamasi cha Ihefu.

Nawaomba mshike jambo hili la Ihefu, kwa kuwa kesi nzima imelala hapo. Kinamasi hiki ni kama karai lenye mdomo upande mmoja. Mdomo wenyewe ni kizingiti cha mwamba, mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, Ruaha unatiririka kwenda kwenye Hifadhi ya Taifa. Yakishuka chini ya mwamba, hata kama kinamasi bado kina maji tele, ng'ambo haliendi tone. Kwa hiyo si lazima mtu aunywe mto wote ndipo ukauke. Inatosha kupunguza karai kidogo tu.

Mwaka 1993 ndipo maji yalipokatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko wakabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, samaki wakafa, tembo wakachimba mchanga kwa miguu kutafuta maji. Watu wakasema ni ukame, utapita. Haukupita. Mto ukakatika mwaka uliofuata, na uliofuata, na ukazoea.

Sasa nani aliyekunywa? Kilimo cha umwagiliaji Usangu si cha jana. Wabulushi waliohamia Rujewa zama za ukoloni walilima mpunga kwa mifereji. Miaka ya 1970 likaja shamba la serikali la Mbarali kwa msaada wa Wachina, kisha Kapunga, kisha Madibira. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA zikafungua soko, na wakulima wadogo wakajipanga kando ya kila mto. Kiasi cha hekta 10,000 za mwaka 1970 hivi zikawa zaidi ya 40,000 katika miaka ya mvua nzuri. Mchele huo ulipanda malori kuja mjini. Mimi niliyelalamikia giza niliununua kila mwisho wa mwezi, tena nikichagua wa Mbeya kwa sababu unanukia.

Kuna jambo ambalo husemwa kwa nadra. Banio la zamani lilikuwa la miti, mawe na majani. Lilivuja, na mafuriko yalilizoa kila mwaka, lakini kwa kuvuja kwake liliuachia mto haki yake. Wafadhili na wataalamu wakaona huo ni upotevu, wakajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Banio la zege halivuji. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba, laweza kuugeuza mto mzima ukaingia mfereji, na chini yake ukabaki mchanga. Kumbe uvujaji tuliouona upotevu ndio uliokuwa ukilijaza karai.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye aliahidi mjini London kwamba ifikapo 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji Usangu, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kwenda mikoa mingine. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa hifadhini. Mto ukaendelea kukauka. Ng'ombe anaonekana toka mbali, tena hutoa vumbi. Lango la chuma limekaa kimya kwenye vichaka.

Hata mgawo wetu haukuwa na mshitakiwa mmoja. Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na mkondo mwembamba wa kiangazi. Wataalamu waliopima wakatuambia kwamba namna maji yalivyofunguliwa kutoka bwawani nayo ina sehemu yake. Mkulima wa Igurusi alibeba lawama ambayo si yake yote.

Nilipita huko mwezi wa Oktoba mwaka mmoja, kwa basi. Chini ya daraja palikuwa mchanga mtupu, na mbele kidogo mfereji umejaa pomoni. Majaruba yalikuwa makavu, mpunga umekwisha kuvunwa zamani. Nikamwuliza mama aliyekaa jirani yangu, mwenyeji wa pale, kwa nini wasifunge lango maji yarudi mtoni.

"Baba," akanijibu, "tukifunga, tutapikia nini? Kijijini kwetu hakuna bomba. Mfereji ndio kisima chetu."