Okidi-mzuka

Okidi-mzuka (*Dendrophylax lindenii*) ni mmea adimu wa familia ya Orchidaceae unaoota juu ya miti katika vinamasi vya kusini mwa Florida, Marekani, na katika misitu ya Kuba. John Lindley aliueleza kisayansi mwaka 1846 na kuupa jina la spishi kwa heshima ya Jean Jules Linden, aliyeukusanya Kuba.

Maumbile

Majani yake yamebaki kuwa magamba madogo tu kwenye shina fupi. Kazi yake hufanywa na mizizi, inayotambaa juu ya gome na kuwa na klorofili ya usanisinuru. Mizizi hiyo imevikwa velameni, tishu inayofyonza maji kama sponji. Ikikauka huonekana ya kijivu. Ikilowa, velameni hupitisha mwanga, ukijani wa ndani ukaonekana, huku vistari vyeupe vya kupitishia hewa vikibaki vilivyo. Mmea huu si kimelea: mti huupa mahali pa kushikilia tu, mara nyingi *Annona glabra*, jamaa wa mtopetope, au *Fraxinus caroliniana*.

Ua ni jeupe, na kwa kawaida huchanua moja moja kati ya Juni na Agosti. Mdomo wake una mikia miwili mirefu iliyojisokota. Kwa kuwa kikonyo ni chembamba na majani hayapo, ua huonekana likielea hewani. Ndiyo asili ya jina.

Uzazi

Mbochi hukaa chini kabisa ya mrija wa ua, ambao urefu wake hupita sentimita 12, hivyo hufikiwa na nondo wenye ulimi mrefu. Zamani ilidhaniwa kwamba mchavushaji ni *Cocytius antaeus* peke yake, lakini picha zilizotolewa mwaka 2019 zilimwonyesha *Pachylia ficus* akiwa amebeba chavua. Mbegu ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota porini bila kuvu wa jenasi *Ceratobasidium*.

Hifadhi

Mmea unatishiwa na wizi, vimbunga na kukaushwa kwa vinamasi. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Spishi za karibu

Okidi zisizo na majani zipo pia Afrika Mashariki, zikiwemo za jenasi *Microcoelia*. *Microcoelia exilis* huota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania.